Kinyago Aenda Kuposa

Dada yangu ana mtoto mmoja tu, wa kiume, na kazi ya mtoto huyo ni karata. Nasema kazi kwa sababu mwenyewe ndivyo anavyotaka tuseme. Ukisema mchezo ananuna, ingawa hata kununa kwake hukuoni, maana uso wake haubadiliki akishiba, akiwa na njaa wala akifiwa. Wenzake wa mezani wamempa jina la Kinyago, naye jina amelipenda mpaka amelidarizi mgongoni mwa sweta. Sisi tuliomwosha akiwa mchanga na kumfuta makamasi, sura hiyo haitubabaishi. Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

Mchezo wenyewe unaitwa poka. Nimeelezwa mara nyingi, na kila mara nimeelewa kidogo kuliko mara iliyotangulia. Watu wanazunguka meza ya kitambaa cha kijani, kila mmoja ana karata mbili anazozificha, nyingine zinafunuliwa katikati, na wanasukumiana vidude vya plastiki vya rangi rangi vinavyosimama mahali pa pesa. Mwenye karata mbovu anaweza kushinda, mradi awatie wenzake hofu kwamba anazo nzuri. Nikamwuliza, kwa hiyo ni uongo? Akasema si uongo, mama mdogo, ni hesabu. Mimi niliishia darasa la saba, na hesabu tulizofundishwa sisi hazikuhitaji mtu avae miwani ya jua ndani ya nyumba.

Kipaji kilionekana mapema, ndivyo dada anavyosema. Akiwa mdogo alivunja kioo cha kabati langu kwa mpira. Watoto wengine wa nyumba ile walikimbia, wakajificha, wakalia kabla hawajaguswa. Yeye alibaki amesimama katikati ya vipande, mpira kwapani, ananitazama kama mtu anayesubiri kuhudumiwa dukani. Dada akasema, mwanangu hana kosa, mtazame usoni. Siku ile alianza kuuamini uso ule na hajaacha mpaka leo.

Alisoma uhasibu, akapata kazi katika ofisi ya bima, ghorofa ya tatu, kiti cha kuzunguka na dirisha lake mwenyewe. Tulimshukuru Mungu kwa kile kiti. Hakukikalia mwaka mzima. Saa za chakula alikuwa akicheza kwenye simu, akashinda mara mbili tatu, akamwendea mkubwa wake kumwambia kwamba ofisi inampotezea muda. Mkubwa akampa mkono na kumtakia heri. Nadhani alifurahi.

Akahamia sebuleni kwa mama yake. Akaleta skrini mbili na kiti kinachofanana na cha rubani, akafunga pazia, ikawa ndiyo ofisi. Dada yangu anapiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kutwa nzima amesimama kwenye mvuke. Anarudi nyumbani miguu imevimba, na mlangoni pake mwenyewe anavua viatu na kunyata, kwa kuwa mtoto yuko kazini. Friji lilizimwa kwa sababu linanguruma. Maziwa yakaganda, akaambiwa anunue ya unga. Hata sala ya chakula tuliombwa tuisali kimoyomoyo. Nikamwambia dada, huyu si mpangaji, ni mgonjwa mahututi. Akanijibu kwamba nina wivu, kwa vile wangu wote wameajiriwa.

Sitasema hakushinda. Alishinda. Kuna mwaka alipanda ndege kwenda kwenye mashindano, akarudi na tuzo ya kioo yenye umbo la tone la maji, na picha yake ikatoka gazetini karibu na matangazo ya viwanja. Akamnunulia mama yake makochi. Makochi yaliingia kwa mlango wa mbele majirani wanapiga makofi. Msimu uliofuata yakatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga mtu, tukarudi kukalia viti vya plastiki. Tuzo ilibaki, kwani hakuna aliyeitaka. Dada anaitumia kuzuia mlango usijipige upepo ukivuma.

Lakini jambo lililonishinda kabisa ni lile la kuuzwa. Mchezaji wa aina yake anapotaka kuingia mashindano makubwa huwa anajiuza vipande. Mwenye duka la vipuri ananunua kipande, kinyozi kipande, jamaa mwingine asiye na kazi ya kueleweka anachukua kipande kikubwa kuliko wote. Akishinda wanagawana kwa vipande vyao, akishindwa wanalia kwa vipande vyao. Sikumsengenya, alinieleza mwenyewe kwa fahari, kwamba mtu akinunuliwa ndipo anaheshimika. Basi mwenye duka la vipuri akawa anapita kwa dada asubuhi kuuliza kama kijana amelala vizuri na kama amekula. Alikuwa anauliza vile watu wanavyouliza habari za ng'ombe waliyemnunua kwa shirika. Siku moja aligomba kwa nini kijana amepewa maharage, yatamlaza.

Ndipo akampenda binti wa seremala.

Binti huyo anauza dawa kwenye duka la dawa lililo karibu na hospitali. Ni msichana mtulivu, anayehesabu vidonge huku anakuuliza habari za nyumbani na hakosei vidonge wala habari. Mama yake hayupo, amelelewa na baba. Alichokiona kwa mtoto wetu sikukijua, ila moyo hauchagui kwa kupima, na lazima niseme pia kwamba kijana akiwa naye kuna kitu kililegea karibu na mdomo. Kidogo sana, lakini mimi nilikiona, na nilikiombea. Nikawaza, Mungu akimsaidia akamwoa huyu, pazia la sebule litafunguliwa. Na dada naye atavaa viatu ndani ya nyumba yake.

Kwa hiyo tulipanga kwenda kuposa. Baba wa kijana ni marehemu, na wanaume wa upande wetu ni wa kwenye simu tu, kila mmoja alituma salamu na ushauri. Tukaenda wanawake wawili na posa yetu, kijana mwenyewe akitufuata, mimi nikiwa msemaji. Kijana akanifundisha la kusema. Nikiulizwa kazi yake, nijibu kwamba ni mchambuzi wa uwezekano.

"Uwezekano wa nini?" nikamwuliza.

"Wa mambo, mama mdogo. We sema hivyo tu, mzee hatauliza zaidi."

Nikamwambia kwamba kinywa changu nakitumia pia kusalia, siwezi kukichafua kwa jambo dogo kama hilo. Nikiulizwa nitasema karata.

Nyumba ya seremala imeungana na karakana yake, ukiingia sebuleni unakanyaga vumbi la mbao lililokimbia ufagio. Ni mtu mkavu, wa maneno machache, penseli nyuma ya sikio hata siku ya wageni. Alitukaribisha kwa heshima, akatuketisha kwenye meza aliyoitengeneza mwenyewe. Binti akamimina chai akarudi mlangoni pa jikoni, akasimama pale. Tukasalimiana, tukaulizana afya, hali ya hewa, bei ya mbao. Kisha akauliza kijana anafanya kazi gani. Dada akautazama mkoba wake.

"Anacheza karata, fundi," nikasema.

Akaweka kidole gumba kwenye ukingo wa meza. "Karata hizi za kucheza?"

"Hizo hizo."

"Na wakati wa kazi?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Kijana hakuweza kuvumilia, akaingilia kwa adabu na maneno mengi. Akaeleza kwamba bahati haimo, ni ujuzi, na ujuzi wenyewe ni kumsoma mtu. Akikaa na mtu mezani anajua anachokificha kabla mwenyewe hajakijua, kwa jicho lake, shingo yake, mkono wake. Seremala alimsikiliza mpaka mwisho, akanywa chai, kisha akasema kwamba amesikia kwa mwenye duka la vipuri kuwa kijana huwa anauzwa. Kijana akakubali, akaeleza habari ya vipande.

"Sawa," seremala akasema. "Sasa huyu anayemtaka binti yangu ni kipande kipi?"

Mlangoni msichana akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi pia ningecheka kama nisingekuwa msemaji. Kijana peke yake hakuona kitu cha kuchekesha. Akajibu kwamba kwa mambo ya nyumbani yupo mzima.

Seremala akapitisha gumba lake kwenye ukingo wa meza, likaenda, likarudi. Akasema yeye hamkatai mtu, anakataa ile kazi. Jumamosi ijayo kijana arudi na neno moja, kwamba karata ameacha. Kazi nyingine yoyote ataikubali, hata akitaka kubeba mbao pale karakana, hatamwonea aibu mkwe mbeba mbao. Ila akija bila neno hilo posa imekwisha, na tusipoteze nauli tena. Muda wote alipokuwa akisema hayo lile gumba lilikuwa linakwenda na kurudi.

Nilitoka pale nimefurahi. Sikutarajia mlango uachwe wazi kiasi kile. Neno moja tu, na binti anampenda, na mzee si mtu wa tamaa. Nikageuka kumwambia kijana hivyo, nikaona naye amefurahi, kwa kadiri ya uso ule.

"Umekiona kidole?" akaniuliza.

"Kidole gani?"

"Gumba. Tulipoongea habari za mbao halikucheza. Alipoanza vitisho, likaanza kwenda. Huyo mzee hana kitu mkononi, mama mdogo. Anatutisha tu. Nikikaza tu, anatupa karata chini, ameshindwa."

Nikamwambia, mwanangu, yule ni baba anayeuliza mume wa binti yake atakula wapi, hana karata yoyote ya kutupa. Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa mwisho darasani. Dada akadakia kwamba mtoto wake anasoma watu, ndiyo taaluma yake, tumwachie. Hivyo ndivyo tulivyorudi, dada na mwanawe wakipanga ukubwa wa harusi, mimi nikitembea nyuma yao.

Katikati ya juma nilikwenda duka la dawa kununua dawa ya kikohozi. Kikohozi nilikuwa nacho kweli, lakini ningeweza kukivumilia. Binti akanihudumia, akaangalia kwamba hakuna mteja mwingine, akaniuliza kama kijana atakuja na lile neno. Nikamweleza habari ya gumba. Alidhani namtania. Alipoona sicheki akaweka chupa chini.

"Mama, baba anashika ukingo wa kila meza. Anatafuta mahali msasa ulipopita vibaya. Akiwa na jambo zito ndiyo anazidi, mkono wake haujui kukaa bure. Tulipokwenda kumzika jirani yetu alishika hivyo hivyo jeneza, nikamvuta shati."

Kisha akainamisha kichwa, akaanza kunibandikia karatasi ya maelekezo kwenye chupa, na huku anabandika akasema polepole maneno ambayo msichana mwenye haya hayasemi mara mbili. Nimwambie kwamba anamtaka. Nimwambie baba hatishi, baba akisema kitu amekisema. Aje na neno, na kama kazi itachelewa kupatikana watakula mshahara wake yeye, si kitu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa dada bila kupita nyumbani. Nikavua viatu mlangoni kama kawaida ya nyumba ile, nikangoja kijana amalize alichokuwa anamalizia kwenye skrini, nikampa ujumbe neno kwa neno. Niliona pale mdomoni pakilegea. Kwa muda mfupi alikuwa mtoto wa dada yangu tena. Halafu pakajifunga.

"Ametumwa," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mzee ameona sijatetemeka, sasa anamtumia binti kunilegeza. Ni mbinu ya kawaida. Mtu mwenye karata nzuri hakusihi, mama mdogo. Anayekusihi hana kitu."

Nimeishi na watu wengi. Nimewaona walevi, nimewaona wagomvi, kanisani kwetu tunao hata wezi waliotubu na wengine wanaoelekea kutubu. Mlevi ukimwambia msichana anakupenda, atalia. Mwizi atauliza yuko wapi. Ni huyu mjuzi wa watu peke yake niliyemwona akipewa moyo wa mtu mkononi, akaugeuza nyuma kuangalia kama umewekewa alama. Nilivaa viatu vyangu nikaenda zangu. Nilimwombea usiku huo, lakini sikumwombea kwa upole.

Jumamosi ikafika. Alikuja na koti jipya na ile miwani yake ya jua, akaivua mlangoni, akaivaa tena alipokwisha kuketi. Kwa namna fulani kiti chake kilikuwa mbele ya vyetu. Seremala alikuwa ametoka karakana, mikono ameinawa lakini vumbi la mbao limebaki kwenye nyusi. Akatusalimu mimi na dada. Kisha akamgeukia kijana.

"Neno lipo?"

Kijana hakujibu. Alikaa akamtazama. Nilijua anafanya nini, kwa sababu alishanieleza kwamba anayenyamaza muda mrefu ndiye mwenye nguvu. Dada akawa anapumua kwa kelele. Binti akaja na sinia ya chai, akaiweka mezani na kuanza kumimina.

"Mzee," kijana akasema hatimaye, "tuongee kama watu wazima. Mimi kazi yangu siachi. Nawe hutaninyima binti. Sote tunajua."

"Sote kina nani?"

Hapo akatabasamu, tabasamu la kupima, akaeleza. Akamwonyesha seremala gumba lake mwenyewe, likiwa pale pale kwenye ukingo. Akamweleza lilivyotulia kwenye habari za mbao na lilivyokwenda kwenye vitisho. Akasema hamlaumu, kila mtu ana alama yake, na yeye riziki yake ni kuziona. Kisha, ili ionekane hakuna alichokikosa, akaongeza: "Hata ule ujumbe wa duka la dawa niliujua. Ulimtuma vizuri, mama mdogo wangu aliamini kabisa."

Chai ilikuwa imejaa kikombe na inaanza kumwagika kwenye sahani. Binti akainua birika.

Seremala alitazama gumba lake kama mtu aliyeonyeshwa kidole cha jirani. Alichelewa kuelewa, kwa kuwa si jambo ambalo mtu huelewa mara moja. Hakukasirika. "Ukingo huu niliufanya kwa haraka," akasema. "Kila siku nasema nitaupiga msasa." Kisha akamwuliza binti yake, bila kugeuka, "Nilikutuma wapi?"

"Hukunituma, baba."

Akaweka birika chini. Akamtazama kijana kwenye miwani, pale ambapo mtu hujiona mwenyewe mara mbili, kivuli kidogo kwa kila kioo.

"Ule ujumbe ulikuwa wangu," akasema. "Nilikwambia nakutaka. Wewe ulifikiri nini?"

Nilimtazama mtoto wa dada yangu. Katika maisha yake yote ulikuwa umefika wakati mmoja ambapo uso ulitakiwa kuvunjika. Angelia. Angejificha. Hata kujikwaa kwenye maneno kungetosha, binti angemsaidia kuyaokota, nilimwona yuko tayari. Lakini alibaki vile vile kama siku ya kioo, amesimama katikati ya vipande na mpira kwapani. Bado anamsoma. Bado anatafuta alama kwenye uso wa msichana ambaye ameshamwambia kila kitu kwa mdomo.

Binti akangoja, kisha hakungoja tena. Alichukua kikombe kilichomwagikia sahani, akaingia nacho jikoni, na mlango akaufunga taratibu, kama mtu anayefunga duka lake.

"Basi, mama," seremala akaniambia mimi, maana mimi ndiye msemaji, "posa imekwisha. Chai mnyweni, imeshamiminwa." Akainuka akaenda karakana. Tukasikia anavuta ubao. Tukasikia randa linaanza.

Mimi nikachukua mkoba wangu. Kijana akanishika mkono. "Kaa, mama mdogo," akasema kwa sauti ya chini. "Anatutisha tu. Wa kwanza kuinuka ndiye anayepoteza."

Dada akakaa. Mungu anisamehe, na mimi nikakaa, kwa kuchoka. Tukakaa watu watatu kwenye sebule ya mtu aliyetufukuza kwa adabu, tunasikiliza randa likienda na kurudi, chai ikitengeneza ngozi juu. Kijana alikuwa ametulia kabisa. Randa liliponyamaza akanigusa kiwiko, umeona. Nyayo zikaja. Seremala akatokea mlangoni, akatukuta bado tupo, akashtuka kidogo.

"Samahani," akasema, "nimefuata penseli." Ilikuwa kwenye sinia. Akaichukua, akaiweka nyuma ya sikio, akarudi kazini.

Hapo niliinuka, nikamwinua na dada, aliyekuwa analia kwenye leso yake. Kijana tulimwacha ameketi. Alikuja baadaye, sijui alingoja mpaka lini, wala sikuuliza.

Hakuonekana ameumia. Nilipojaribu kumfariji alinifariji yeye mimi. Aliniambia kwamba katika taaluma yao mtu hapimwi kwa matokeo, hupimwa kwa uamuzi. Uamuzi wake ulikuwa sahihi, matokeo tu ndiyo yalikuwa mabaya, na mchezo ule ukirudiwa mara nyingi angeshinda mara nyingi zaidi. Nikamwuliza amepanga kuwarudia akina binti wa seremala wangapi. Akasema sielewi. Ni kweli. Huo ni ujinga ambao sijausomea.

Akaendelea na kazi yake. Anasafiri, anarudi. Vipande vyake vimepungua bei, kinyozi amejitoa, mwenye duka la vipuri siku hizi hamwulizii tena kama amekula. Sebule bado ni giza. Dada naye bado ananyata.

Juzi binti wa seremala amepata mchumba, fundi wa mafriji, kijana anayecheka ovyo, uso wake kama dirisha lisilo na pazia, ukimtazama unajua hata alichokula. Walileta nguo za harusi nizishone mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu na hawakuona sababu ya kunikwepa. Niliwashukuru. Mtoto wa dada akapata habari huko alikokuwa kwenye mashindano, akanipigia simu.

"Wanatutisha tu, mama mdogo," akasema. "Habari kama hizo hutangazwa makusudi, zinifikie."

"Mwanangu, suruali ya bwana harusi nimeikata mimi. Iko hapa kwenye cherehani, naifunga pindo."

Kwenye simu uso hauonekani, lakini ule ni ule ule, asiyeuona hakosi kitu. Kisha akauliza kama pindo nimeshalimaliza. Nikamwambia ukweli, kwamba nimefunga mguu mmoja, mwingine bado.

"Umeona?" akasema.

Nikamtakia heri, nikakata simu, nikafunga mguu wa pili.